Sawa

Saluni ya Nyamizi haina ukuta wa nyuma.
Ina jiwe. Fundi aliposhindwa kulivunja
aliliegemezea bati, akasema: sawa.
Tangu hapo kila mvua ya Kirumba
hupitisha uzi wa maji kati ya bati na jiwe,
na ndoo ya buluu inajua pa kukaa.

Nimekaa chini, kichwa katikati ya magoti yake,
karatasi za tasnifu mapajani
na swali ninaloliogopa tangu Machi:
nikaze wapi?

Mshale wa kwanza na wa pili, halafu wa tatu;
au wa kwanza, halafu wa pili na wa tatu.
Mabano yamehama, safari haikuhama.
Naweza kuandika "ni ileile" nikafunga daftari.
Naweza kuandika "ni sawa", ila hapo
nitadaiwa mshale wa kuonyesha huo usawa,
na juu ya mshale huo ushahidi,
na ushahidi wa ushahidi,
kama mtu anayedaiwa risiti ya risiti
kwenye ofisi ya soko.

Mwaka wa kwanza nililegeza yote.
Dakta Bahebe alihesabu pembetano tisini na moja,
nadharia yenyewe haijaanza.
"Umejenga ngazi," akasema. "Nyumba iko wapi?"

Mwaka wa pili nilikaza yote.
Kurasa sita, nyeupe kama shuka la Bugando.
Akasoma mara mbili. Akavua miwani.
"Pasafi. Lakini kuna kitu kimekufa humu.
Kakitafute."

Nyamizi anauliza: nikaze?
Kaza kidogo.
Kidogo kipi? Cha harusi au cha wiki tatu?
Ukikaza sana utameza panadol hadi Jumatano,
ukilegeza zitafumuka kivukoni Kamanga, watu wakitazama.
Mimi, anasema, kitana kikiwa mdomoni,
nakaza kwenye mzizi, nakaza kwenye ncha.
Pale nywele zinapopishana sikazi
mpaka ziwe kitu kimoja.
Huo si msuko tena. Huo ni mkia wa mbuzi.

Rudia.
Mkia wa mbuzi?
Kabla ya hapo.

Anarudia, polepole, kama anayemsomea mgonjwa dozi,
nami natazama mlangoni. Kule ziwani
vyombo viwili vimepishana,
kimoja kimezunguka upande wa mawe,
kingine upande wa maji makuu,
na kila kimoja kimeacha mfereji wake mweupe.
Mwandishi wa daftari la bandari ataandika: vimefika.
Hatakosea.
Ila kushoto kumekuwa kulia kwenye daftari lake,
na msuko mzima, kuvuka juu, kuvuka chini,
umelala kama nywele zilizopigwa pasi.

Hicho ndicho nilichokiua.

Basi mabano nitayakaza, hayana damu.
Mshale usiokwenda popote nitauacha usiende popote,
bila risiti.
Lakini hapa, ghorofa ya tatu,
mambo mawili yanapopeana njia,
yule akitangulia, au huyu,
sitaandika "ni ileile".
Nitaandika "sawa", na nitalilipia deni lake
mpaka shilingi ya mwisho.

Au labda nakosea. Dakta Bahebe
atauliza ghorofa ya nne inasemaje,
na ya nne sijawahi kuipanda.
Pembetano ya ukurasa wa kumi na mbili
imepata alama ya kidole, mafuta ya nazi,
na kupitia hayo mafuta
naisoma hesabu ya upande wa pili, kichwa chini.

Mvua imeanza. Ndoo inahesabu.
Nyamizi ananishikisha kioo, anageuza shingo yangu
kushoto, halafu kulia.

Sawa?

Sawa ipi, namwuliza.

Elfu kumi na tano, anasema. Kuna nyingine?