Ndani, Nje

Alilileta limefungwa kwa mpira wa baiskeli,
karani Dismas Lilanga mwenyewe, kwa miguu,
kola imelowa jasho.
"Dada Ulrika, boksi lako linatuaibisha."

Lako. Kweli, ni langu.
Nilililehemu msimu uliopita kwa chuma cha kupashwa mkaani
ndani ya bati la biskuti lililobaki arusini kwa mdogo wangu:
matundu mawili ya kuingiza, maiki na simu,
matundu mawili ya kutoa, spika ya ofisini na honi ya uani,
katikati swichi ya kuzungusha niliyoing'oa kwenye redio mfu.
Kwa rangi ya kucha niliandika NDANI, nikaandika NJE.
Kazi yake ni moja tu: kujua mlango.

"Linafanyaje?"
Akatazama nyuma kwanza.
"Tukiweka NDANI, linasema NJE."
"Muda wote?"
"Saa saba. Mchana, saa saba, kila siku."

Ugonjwa wenye saa yake, ukiungoja, hujitaja.

Nikaanza na wasio na hatia.
Nikabadilisha waya wa maiki: mzima.
Nikagusa waya wa ardhi, ukaja ule mvumo wa nyuki, ukaondoka;
haukuwa huo.
Nikapuliza vumbi, nikawatoa sisimizi wawili,
nikapitisha ncha za mita mguu kwa mguu wa swichi
nikingoja ilie.
Haikulia.
Asubuhi ya Kitangari ni ukungu mtupu,
bati lina baridi ya jembe la alfajiri,
na boksi limenyamaza kama mtoto aliyevunja kikombe.

Nikaliweka juani.
Nikaenda kununua maji, ndoo mbili,
nikapanga foleni, nikagombana kidogo, nikarudi.
Saa saba kasoro mfuniko ukabonyea,
tik,
mita ikalia.

Uzi mmoja wa shaba,
mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
ulikuwa umechomoka kwenye kiungo nilichokichoma kwa haraka.
Jua likipasha bati, bati hushuka,
huusukuma uzi ukaguse mguu wa jirani.
Kosa langu, si la jua.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Siri ya ofisi ile, siku nne mfululizo,
ilijulikana kwa uwanja mzima:
watu wamekalia magunia yao ya korosho, wanatafuna mihogo,
na honi juu ya nguzo inawaambia, kwa sauti ya meneja akiwa anakula,
"Kila gunia toa kilo mbili. Waambie ni unyevu."
Hakuna aliyepiga kelele.
Walisikiliza kama watu wasikilizavyo taarifa ya habari.
Siku ya tano kila mmoja alikuja
amekwisha kupima dukani kwa Bakiri Mnali,
uzito umeandikwa kwa mkaa ubavuni mwa gunia,
tarakimu kubwa, za kusomeka na asiyetaka.

Sikusita? Nilisita.
Koleo ilikaa mkononi mpaka chai ikachemka, ikamwagika jikoni.
Lakini fundi akiacha ubovu kwa makusudi,
kesho nani atamletea redio?
Nikaukata. Nikakivisha kiungo mpira,
nikabandika kipande cha kadibodi chini ya mfuniko.

Nililirudisha mwenyewe, saa saba juu ya alama.
NDANI: ndani. NJE: nje.
Karani akahesabu elfu nane, noti za mia tano zilizochakaa,
akapumua kama aliyetua mzigo.

Nikipita uani, Mama Fabiola Chitanda
ameegemea gunia lake, sabini na tisa kwa mkaa.
"Umelitengeneza?"
"Nimelitengeneza."
Akaitazama honi ilivyonyamaza.
"Kwa nini, mwanangu?
Mbona lilikuwa zima."