Kutua Chiungutwa

Saa nne na nusu, Newala, ukingoni mwa Shimo la Mungu,
mabawa yamepangwa kama nguo za mnada.
Langu lina kiraka nilichokishona mwenyewe
kwa uzi wa gunia la korosho.
Namba kumi na tatu. Hakuna aliyeitaka.
Mwamuzi anachora njia ubaoni kwa chaki:
hapa, halafu mnara wa Lulindi, halafu uwanja wa ndege Masasi.
"Anayeogopa aseme sasa."
Nilisema, ila kimoyomoyo, na kusi ilikuwa inavuma.

Hatua tatu. Ya nne haikukuta ardhi.

Bonde zima liko chini ya kifua changu.
Ruvuma ya Septemba ni mchuzi wa mtu bahili:
sahani kubwa, maji kidogo pembeni.
Ng'ambo ni Msumbiji, na toka huku juu
haina rangi tofauti.

Mita inalia. Pii. Pii. Kisha mfululizo.
Nageukia kulia, nabana, nageuka tena.
Shamba lililochomwa juzi ndilo linanipandisha;
majivu yananukia, mabua meusi ya nyasi
yananipita puani, yana haraka kuliko mimi.
Upande wa pili wa duara tumbusi wawili
hawapigi bawa, hawanitazami,
kama wenye nyumba waliokwisha zoea wapangaji.

Mita elfu moja na mia nane.
Huko chini watu wanagombea kivuli,
mimi meno yanagongana.

Redioni, Somoe, nyuma ya lori la mbao:
"Nandala kapita Lulindi. Yuko chini chini,
anadokoa joto kwenye mabati ya shule. Wewe?"
Mimi niko juu. Nina kiburi cha aliye juu.

Milima ya Masasi nimeshaiona,
mawe matupu, yamekaa kama wageni wasiokaribishwa ndani.
Kulikuwa na njia mbili.
Ya mabati na vumbi, aliyoipita Nandala,
na ile ya kijani, juu ya mikorosho.
Kijani hakimrushi mtu. Nilijua. Nimewafundisha wengine.
Lakini hiyo ndiyo mikorosho niliyoipulizia salfa
nikiwa na miaka kumi na miwili, kitambaa puani,
macho yakiwaka, ndani ya wingu la manjano
ambamo sikuwahi kuona kama kuna juu.
Nikataka kuipita juu. Mara moja tu.

Mita ikanyamaza.
Halafu ule mlio mzito wa kushuka,
debe tupu linaloburutwa barabarani.
Mia sita. Mia tatu. Natafuta uwazi,
mti, mti, paa, mti,
kisha kiwanja cheupe. Nikashukuru: mchanga.

Haukuwa mchanga.
Yalikuwa makopa, yameanikwa, ya mtu.

Mwenyewe akatoka na ungo mkononi.
Akatazama bawa, akatazama nyayo zangu,
akaanza kwenye nyayo.
"Umetoka Newala bila miguu,
makopa yangu ndiyo umeyapatia miguu?"
Debe mbili, akakadiria. Nikasema moja na nusu.
Tukaafikiana mbili.
"Na huko mnakoshindania, umekuwa wa ngapi?"
Redio ikamjibu kabla yangu: Nandala katua Masasi,
na wengine kumi na mmoja. Kwangu, bado kilomita kumi na tisa.
Akacheka hadi ungo ukamwaga.

Nilitoa noti toka mfuko wa ndani,
vidole havikutii, ikaanguka.
Akaiokota, akanishika mkono ili anipe chenji,
akauachia. Akaushika tena, kwa mikono miwili sasa,
kwenye jua lile la saa tisa, katikati ya makopa.

"Bi Mwanahawa," akaita uani, "njoo uguse.
Huyu binti katoka wapi?"