Alama Kamili

Fomu ina maswali ishirini na mawili,
ngazi tano kila moja, sifuri hadi nne,
kutoka *kamwe* hadi *daima*.
Kalamu inagoma. Ni Juni, Katuba ina baridi.

Kapend, miaka kumi na sita, sweta mbili,
kofia ya sufu ya dada yake, ya waridi.
Baridi hii, anasema, haibishi hodi,
inaingia moja kwa moja kwenye goti.

Unakumeza dawa bila kukumbushwa?
"Daima."
Unakunywa maji ya kutosha?
Jikoni mwiko umetulia ndani ya bukari.
"Daima!" anapaza sauti,
na mwiko unaanza tena.

Nikajumlisha: themanini na nane
juu ya themanini na nane.
Sijawahi kupima mgonjwa mzima kiasi hiki.

Akanisindikiza. Kwenye nguzo ya tatu ya umeme
akainama, eti afunge kamba za kiatu.
Amevaa kandambili.

"Mama aliuza cherehani nilipolazwa.
Usimwandikie *mara chache*."

Kisha akatoa chupa mkobani,
ina mikwaruzo ya msumari ubavuni:
hapa kabla ya kengele, hapa saa sita,
na hapa juu, karibu na kifuniko,
siku za mwalimu asiyeruhusu mtu kutoka kukojoa.
Mkwaruzo huo ndio mpana kuliko yote.

Usiku, umeme umekatika, naitafuta kwa tochi
sehemu ya fomu ya kuuweka.
Pembezoni, nje ya visanduku,
nakwaruza kwa ukucha.