Kilichoko Nyuma ya Rais

Mwezi wa pili. Mto Torne umeganda kutwa kucha,
na dada yangu Irja amevuka daraja kwa miguu kutoka Ufini
na rais kwapani, kamfunga kwa shuka la kitanda.
"Mbadilishie uso," anasema, akikung'uta theluji viatuni.
"Huyu muda wake umekwisha. Fremu ni ileile,
manispaa haina fedha ya mbao mpya."

Namlaza rais kifudifudi juu ya meza ya kazi,
nang'oa vijisumari, nainua kadibodi,
na kumbe kadibodi si kadibodi:
ni rais wa kabla yake,
na nyuma yake mwingine, miwani mizito,
na nyuma yake mwingine tena, tai ya mistari,
rangi yake imekuwa rangi ya chai iliyolala.
Marehemu baba, bahili wa kila kitu ila gundi,
hakumtupa hata mmoja.
Aliyetoka alimgeuza mgongo wa aliyeingia.

Irja anawapanga mezani kama karata.
"Hawa wote niliwapigia kura?"
"Wawili. Mmoja ulimtukana hadi Veikko akazima redio."
"Niliyemwajiri namkemea, ndiyo haki yangu.
Wewe wa ng'ambo hii, mwenye mfalme, unamlaumu nani?"
"Namlaumu babu yake," namjibu,
"naye keshazikwa, hasikii."

Tunacheka. Birika linachemka.

Hapa Haparanda msumari ni mmoja na uso ni mmoja.
Picha ya ukumbi wa shule nimeibadilishia kioo mara tano:
mara mbili mpira, mara moja moto,
mbili sikuambiwa.
Kila nikiletewa mpya ni yuleyule,
ila kope zimeshuka kidogo, kama zangu.
Tumezeeka pamoja bila kujuana.
Mimi sikuulizwa kama namtaka.
Wala yeye, nadhani, hakuulizwa kama anatutaka.

Cheo cha Irja ni nguo ya kuazima,
na nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri:
mwenyewe huja kuidai mbele za watu.
Lakini wangu hakuazima. Kazaliwa imeshashonewa mwilini,
na hata kiangazi kikikolea
hana pa kuivulia.

Irja aliwahi kumkuta mstaafu mmoja dukani, Oulu,
kasimama foleni na maziwa na balbu mbili.
Hakuna aliyempisha.
"Alikuwa na furaha," Irja anasema, "furaha ya mtu aliyeteremsha gunia."
Sina la kumjibu.
Nawaza mtoto afundishwaye kupunga mkono
kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Na mkate? Bei ya mkate, huku na huko,
hupangwa na watu wengine kabisa,
watu ambao hakuna aniletee picha zao.

Basi. Uso mpya naufuta vumbi, nauweka mbele.
Sasa ni watano, na vijisumari havishiki vizuri.
"Mtoe yule wa chai," anasema Irja. "Nani atajua?"
Nanyanyua nyundo, naiweka chini.
Namkandamiza kwa kiganja hadi mbao inalia,
napigilia.

Chini ya meza, kwenye droo ya baba,
mna karatasi yenye vipimo kwa penseli:
fremu ya mrithi, upana na urefu, dhahabu ya kupaka,
iliyoandikwa mwaka mtoto alipozaliwa.
Sikumwonyesha Irja.

Anaondoka kabla giza halijakaza.
Kule kwao saa hutangulia yetu kwa saa moja,
atafika amechelewa hata akikimbia.
Namtazama dirishani: mwanamke mfupi darajani,
kwapani ana watu watano,
na mmoja tu ndiye atakayeuona mwanga.