Stakabadhi Namba 510511

Julai, Moshi. Ukungu umeshuka hadi kwenye reli,
mlima tumeusahau wiki nzima.
Ghalani mzani umepumzika, nami nikapumzika nao,
nikageuza stakabadhi ya magunia ya Kibosho:
laki tano, elfu kumi, mia tano na kumi na moja.
Mikono yangu haijui kukaa bure. Nikachukua penseli.

Kwa mbili, inabaki moja.
Kwa tatu, moja.
Tano, moja. Saba (nikakunja uso, nikarudia) moja.
Kumi na moja. Kumi na tatu. Vilevile.
Kumi na saba nikaigawa polepole, mgongoni mwa bahasha,
kama mtu anayebisha hodi kwa mdaiwa:
moja.
Moja ileile kizingitini, haiingii wala haiondoki.

Mlinzi Mcharo akachungulia: "Hela za nani hizo, mama?"
"Si hela. Ni namba tu. Nadhani ni tasa."
Akacheka, kisha akatazama pembeni.
Najua alichokumbuka.

Jumamosi, Kiboroloni, kipaimara cha mtoto wa wifi yangu,
ndizi zilichelewa, mbege ikawahi,
na Anaseli, kisu mkononi, akigawa mbuzi,
aliniruka, akasema bila hata kushusha sauti:
"Huyo tasa atakula na wapishi."
Nilikula na wapishi. Nyama ya wapishi ndiyo tamu.
Lakini kwa kila meza, mimi ndiye baki.

Usiku umeme ulikatika, nikaendelea kwa tochi ya simu.
Hila yake nilikwisha iona: zidisha mbili, tatu, tano,
saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba,
kisha ongeza moja. Ndiyo maana kila mlango ulikataa.
Nikaandika pembezoni TASA, nikapigia mstari.
Halafu, sijui ni ubishi gani, nikajaribu kumi na tisa.

Mara elfu ishirini na sita, mia nane sitini na tisa.
Hakubaki kitu.
Niliitazama sifuri ile
kama mtu anayekuta viatu vya mgeni mlangoni kwake.

Ikafuata tisini na saba.
Mia mbili sabini na saba ikafunga hesabu.
Hizo tatu nilizihangaikia hadi betri ikalia:
hazigawiki.
Basi hizi ndizo tasa, na hii ni ya kwao.
Aliyezipa jina hilo sijui alikuwa na hasira na nani;
kuanzia mbili kwenda juu, hakuna namba isiyotoka kwao.

Asubuhi dereva akauliza nini kimefutwa pale pembezoni.
"Hesabu za jana," nikasema. Akatia sahihi.
Magunia thelathini na saba, malori mawili:
kumi na nane huku, kumi na nane kule,
na moja likakaa mbele, ubavuni mwa dereva,
limefungwa mkanda.