Kinyota kwenye Jedwali la Tano

Wilaya yetu ina shule tatu na mabasi matano,
moja bovu tangu Novemba.
Wanafunzi mia nne na kumi na wanane.
Idadi naijua kwa kuwa ndimi niliyeitafsiri ripoti,
dola kumi na nne kwa saa, kwenye meza ya jikoni,
harufu ya kiwanda cha nyama ikipenya
dirisha nililolifunga kwa gundi ya karatasi.

Weupe, sitini na mbili kwa mia.
Walatino, thelathini na moja.
Weusi, tano: yaani sisi wa Uvira na Bukavu,
pamoja na akina Tibbs, ambao babu yao alizikwa hapa Orrin
kabla hawajafika hao wanaotuuliza tumetoka wapi.
Kapu moja.
Bi Odessa Tibbs alicheka nilipomwonyesha:
"Basi tu ndugu. Niletee sambusa."
Mbili zilizobaki zimeitwa Wengineo.
Sikupata neno lenye heshima zaidi.

Wanaokula chakula cha bure: saba katika kila kumi.
Hapo hapakuwa na safu ya rangi.
Njaa, nadhani, haijazi fomu.

Kusoma: arobaini na moja kwa mia wamefikia kiwango.
Neno hilo lilinikalisha nusu saa.
Kiwango cha nini, cha maji? Cha homa?
Kimewekwa na nani, na alikuwa amesimama wapi akikipima?
Nikaandika kiwango, nikaendelea.

Kisha jedwali la tano.
Wanaojifunza Kiingereza; lugha ya nyumbani, Kiswahili.
Hapakuwa na namba. Palikuwa na kinyota,
na chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho:
kundi lenye watoto pungufu ya kumi halionyeshwi,
ili wasitambulike.

Wasitambulike! Orrin, mji wenye taa moja ya magari,
ambako mkurugenzi wa wilaya, Bwana Dahlgren,
hushika usukani wa basi mwenyewe theluji ikizidi,
na anajua Nabintu wangu hapandi
mpaka amfunge mdogo wake kamba za viatu.

Niliwahesabu kwa vidole. Kidole kimoja kilibaki.
Tisa ndani ya kinyota,
wamebanana kama punje kwenye gunzi.
Nyota njema, husema watu, huonekana asubuhi;
hii niliiona saa tano usiku, nayo haikuwa na mwanga.
Ilimficha Nabintu, anayewasomea wanawake wazima
maandishi ya makopo dukani.
Ilimficha na Byamungu,
ambaye b yake na d yake bado zinapeana mgongo,
ambaye Bi Kowalczyk humwachia nusu ya saa yake ya kula.
Sikujua nishukuru au nigombe.
Nikakitafsiri kinyota kwa kinyota.

Machi, theluji ikiwa tope,
ikafika familia ya Ebengo kutoka kambini Nyarugusu.
Wana mtoto, Asukulu, miaka tisa, darasa la nne.
Nilikwenda nao ofisini kama mkalimani,
na njia nzima kichwa changu kikisema: kumi.
Wakiwa kumi watakuwa namba.
Namba husomwa mkutanoni. Namba huombewa mwalimu.
Namba pia hunyooshewa kidole:
hao ndio wanaotushusha.

Mama Asukulu alifika kwenye mstari wa sita,
akainua kichwa.
"Lugha ya nyumbani. Niandike ipi?"
"Mkigombana mnatumia ipi?"
"Kibembe."
"Na mkihesabu pesa?"
"Kiswahili."
"Na mtoto akiota?"
Akamtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa akitazama
samaki wa karatasi waliobandikwa ukutani,
kila samaki na jina la mtoto.

Katibu akaangalia saa yake, kwa upole.
Mama akanisogezea fomu,
kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiota.
Nikajaribu kalamu pembeni mwa karatasi. Baridi iliigandisha.
Nikaipulizia.