Kama Muda Utaruhusu

Waheshimiwa wa kamati,
mimi ndiye niliyewamiminia chai asubuhi,
ukumbi wa pili, hoteli ya Shanzu, meza za dirishani.
Hamkuniona uso, wala silaumu:
kazi yangu ni kuonekana mkono tu.

Nikipanga vikombe niliisoma ratiba yenu.
Jambo la kwanza, marupurupu ya safari.
La nne, magari.
La saba, mwisho kabisa, limebanwa na chakula cha mchana:
"Hali ya Sudani, kama muda utaruhusu."

Muda haukuruhusu.
Nilikuwapo. Kipaza sauti kilikoroma,
mmoja akasimulia kisa cha mbuzi wa mkwewe, mkacheka,
na saa saba unusu mwenyekiti akafunga faili
kwa kidole kimoja,
kama afunikaye sufuria asiyotaka kujua ndani mna nini.

Basi nipeni mimi dakika zilizobaki.

Kwangu Mishomoroni, chumba cha nyuma,
amepanga mama mmoja, Tayseer, mtu wa Al-Fashir.
Huko kwao alikuwa muuza chai.
Vigoda vitatu, jiko la makaa, tangawizi,
na majani meusi aliyoyachota kwenye gunia
lililopigwa chapa ya buluu: MOMBASA.
Miaka kumi na miwili alilisoma jina hili kila alfajiri
akidhani ni jina la mmea.

Mji ukazingirwa. Chai ikaisha.
Gunia akalifua, akalifanya shuka ya mwanawe.
Sokoni yakabaki mashudu,
haya haya tunayowapa ng'ombe;
wakayaloweka, wakayala, hata nayo yakapanda bei.
Kisha ukaja usiku ambao sitausimulia.
Ni wake. Ameniruhusu neno moja tu:
kwamba walioingia waliuliza kabila mlangoni
kama mtu aulizaye bei ya nyanya.
Mwanawe alikuwa na miaka tisa.
Alijibu kweli. Alilelewa kusema kweli.

Gunia bado analo, chini ya mto.
Halinukii chai tena.

Najua mtasema ni mbali, ni mambo yao ya ndani.
Chai ilifika.
Kaka yangu Ngowa ni mpagazi ghalani Shimanzi;
anasema magunia ya Port Sudan yamepangwa hadi darini,
yanangoja amani
kwa subira ambayo gunia linayo, mtu hana.

Methali sitawatolea. Methali mnazo,
mlizimaliza kwenye kampeni.
Ulizeni tu, kwa sauti inayoingia kwenye kumbukumbu za Bunge,
dhahabu ya kule inauzwa wapi, na bunduki analipia nani,
na kama njia inakatiza uani kwetu, semeni inakatiza.
Muuaji mwiteni muuaji.
"Pande husika" hazijawahi kumzaa mtu wala kumzika,
na sijasikia mama akilia kwamba pande husika zimemuulia mwana.
Tena mpangaji wangu apewe karatasi zake.
Mwezi wa kumi na moja huu anakwenda na kurudi,
kila akifika dirishani anaambiwa mtambo umelala.
Umelala! Yeye hajalala.

Msimamizi wetu ametuonya: mhudumu hasemi na wageni.
Sisemi. Nimekunja.
Kesho saa nne mtakapoinua vikombe
mtaikuta karatasi hii juu ya kila kisahani,
na pengine itakuwa imeshaloa.
Mkitaka, ifutieni midomo.
Lakini kwanza aisome mmoja,
yule aliyeacha kucheka mapema kidogo kuliko wenzake
kisha akaitazama ratiba, pale mwisho, namba saba,
akaweka alama kwa kalamu, asiseme kitu.

Nilikuona.